Leso za Roketi kwenye Baraza ya Hidayah

Kama una shati unalolipenda kuliko ndugu zako, mpelekee Biira. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisema watu wa Nyamwamba, pale Kasese, magharibi ya Uganda, na walikuwa hawatii chumvi. Gauni za kwaya, mapazia ya ofisi, vitenge vya harusi, suruali nyeupe ya mchungaji aliyeteleza kwenye matope siku ya ubatizo, vyote vilipita kwenye beseni lake na kurudi kama vilivyotoka dukani. Hakuwa na bango wala kibanda. Alikuwa na mabeseni, kamba na jina. Jina hilo ndilo lililomlisha yeye na mwanawe Sunday tangu mume alipovuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu Congo, akasahau njia ya kurudi.

Mwaka ule mto ulipofura na kuteremsha mawe makubwa kutoka milimani, nyumba ya Biira ilikwenda na maji mchana kweupe, yeye mwenyewe akitazama. Aliokoa mtoto na beseni moja. Waliomjua walimpa pole, wakaenda kutafuta vyao. Aliyemshika mkono alikuwa Hidayah. Huyu Hidayah, Mama Ashiraf kwa wanaomheshimu, ni mpishi wa harusi. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya Bwera, mji wa mpakani, aliyeishia kujenga Kasese, na Kikonzo cha Hidayah, lugha ya wenyeji, mpaka leo ni cha kusalimia tu, kwa hiyo yeye na Biira walizoeana kwa Kiswahili, kile cha mjini kinachokwenda bila kuomba ruhusa kwa mwalimu. Alimpa Biira chumba cha nyuma, akamlisha na mwanawe, na hakumwuliza hata siku moja atatoka lini. Tangu hapo Krismasi kuku alikwenda kwa Hidayah, Idi pilau ilikuja kwa Biira. Ukimgusa mmoja, mwingine ndiye aliyejifunga kibwebwe.

Sasa habari za roketi, na tafadhali usicheke mapema. Kuna mwalimu wa fizikia mjini anaitwa Danieri, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye alirudi kutoka masomoni na ugonjwa wa kurusha roketi. Si makombora ya vita. Ni vitu vya kujifurahisha: bomba la karatasi ngumu, mabawa ya mbao, injini ndogo ya baruti chini. Aliwaambukiza wenzake, akiwemo Nobert fundi pikipiki, wakaunda kilabu, na wakawa wanashuka kwenye uwanda ulio chini ya mji, upande wa ziwa, kwenda kurusha. Roketi ikifika juu, baruti nyingine iliyo tumboni mwake hulipuka kidogo, inasukuma mwavuli utoke, na kitu chote kinateremka taratibu. Tatizo ni kwamba mwavuli ni wa nailoni, na nailoni na moto hazipatani. Kwa hiyo mwavuli huviringishwa kwanza ndani ya kitambaa kisichoshika moto, cha mraba, rangi ya machungwa, chenye tundu la kupitishia kamba. Wenyewe wana jina lake refu la Kizungu. Biira alikiita leso, na kilabu kizima kikafuata.

Leso ikitoka kwenye kurushwa huwa nyeusi tii kwa masizi ya baruti. Ukiyaacha masizi yale, kitambaa hukakamaa na kuliwa pole pole. Nobert ndiye aliyezipeleka kwa Biira mara ya kwanza, nusu mzaha. Danieri akafuata mwenyewe kumweleza masharti: sabuni ya mche, tena kidogo, maji baridi, jiki marufuku, wanga marufuku, dawa za kulainisha nguo zenye harufu nzuri marufuku, kwa sababu chochote kitakachobaki kwenye nyuzi ndicho kitakachoshika moto. Usikamue kana kwamba unamnyonga kuku. Na usianike juani. Jua kali hukichosha kitambaa kile bila kuonyesha, unadhani bado kizima kumbe nguvu zimekwisha. Kinataka kivuli na upepo.

Kivuli ndicho Biira alichokosa. Baada ya mafuriko alipata kiwanja juu kwenye mteremko, mbali na mto, mahali palipo uchi, hapana mti wala ukuta wa jirani, na bati lake linawaka mchana kutwa. Hidayah alikuwa na baraza pana iliyotazama milima, yenye kiza kizuri na upepo usiokatika. Basi leso zikawa zikifuliwa kwa Biira na kuanikwa kwa Hidayah. Siku za leso zikawa siku za maongezi. Biira ananing'iniza vitambaa kwenye kamba, Hidayah amekaa mkekani anachambua mchele, na habari za mji mzima zinapita hapo kati yao.

Kazi ile ilimvimbisha Biira kichwa, na nani angemlaumu? Siku za kurusha alitengewa kiti chini ya turubai. Mwavuli ulipofunguka juu na watu kupiga makofi, Danieri aligeuka kumtafuta yeye kwa macho. Amefua nguo za watu maisha yake yote, na hakuna mtu aliyewahi kulipigia shati makofi. Wateja wakaongezeka pia. Mtu akisikia kwamba mama fulani anaaminiwa hata na watu wa roketi, ataogopa nini kumpa shuka zake?

Ndipo ikaja ile roketi kubwa. Danieri na wenzake waliijenga kwa muda mrefu, wakaalika walimu kutoka Fort Portal na Kampala, wakahangaikia ruhusa ya jeshi, maana huku mpaka uko karibu na kitu kinachopaa kikitoa moshi hakimfurahishi kila mtu. Jeshi likakubali, ila kwa sharti afande mmoja awepo. Siku ilipangwa kuwa Jumapili mchana. Ijumaa asubuhi Biira alifua leso ya roketi ile kwa mikono yake, akaisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Hajaianika, simu ikalia kutoka Bwera. Shangazi yake, aliyemlea, amefariki.

Alikimbia kwa Hidayah na beseni likidondosha maji njiani.

"Mama Ashiraf, senge yangu imekufa. Naenda maziko Bwera," alisema huku akibana leso kwenye kamba. "Hii ikikauka, kunja, tia kwa mfuko, patia Nobert. Usiiguze na kitu ingine."

"Pole sana, mukwano, rafiki yangu. Pole." Hidayah alimkumbatia, macho yamemlenga machozi. "Enda, usiwe na wasiwasi. Wallahi, hapo hata nzi haitakaa."

Nyuma yake, uani, sufuria kubwa za harusi zilikuwa zimeinamishwa zinasuguliwa kwa majivu. Biira aliziona. Akaondoka.

Huko Bwera, msiba ulikusanya ndugu wa pande zote mbili za mpaka. Jioni ya maziko binamu mmoja aliyetoka ng'ambo alisogeza kiti karibu naye. "Batu banasema weye unafulaka manguo ya roketi," alisema. "Ni kweli, dada, ao banatudanganya?"

"Ni kweli," Biira akajibu. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, lakini alinyanyua kidevu kidogo aliposema hivyo. Marehemu angefurahi.

Jumapili alitoka Bwera na mfuko wake wa nguo za msiba, akaenda moja kwa moja uwandani. Watu walikuwa wengi kuliko siku yoyote. Hidayah naye alikuwepo, amekuja na kapu la sambusa kuwauzia wageni. Walipungiana mikono kwa mbali. Biira akakaa kwenye kiti chake.

Roketi ilipanda vizuri, hilo hakuna atakayelikana. Ilipiga mluzi, ikawa uzi, ikawa nukta. Watu walishangilia. Kisha palisikika mlio mdogo juu, na badala ya mwavuli likatoka doa la moshi mweusi. Roketi ikageuza pua, ikashuka kama ilivyopanda. Wageni walitawanyika wakiacha viatu. Ikajichimbia ardhini hatua chache kutoka kwa ng'ombe waliokuwa wakila majani, ng'ombe wakatimua mbio hadi barabarani, mchungaji wao nyuma akitukana kwa lugha alizozijua zote. Hakuna aliyeumia. Lakini afande alikuwa amekwisha kusimama.

"Nani iko na hii kitu? Wewe Mwalimu, kuja hapa! Ingepiga raia mimi ningesema nini?"

Danieri alikuwa amepiga magoti kwenye shimo, anatoa vilivyobaki. Mwavuli ulikuwa umeyeyuka na kuwa donge. Leso ilikuwa imeungua sehemu, na hilo ndilo lililomshangaza, maana kitambaa kile huwa hakiungui. Alikisugua kati ya vidole, akavitazama vidole vyake.

"Ni mafuta," alisema pole pole. "Leso ilikuwa na mafuta. Yameshika moto, yakawasha mwavuli."

"Nani alifua?" afande akauliza. "Simama!"

Biira alisimama. Watu wote walimgeukia, walewale waliokuwa wakimpisha apite kwenda kwenye kiti chake. Danieri alimpa kitambaa. Hakuwa hata na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Biira alikishika, na kwa mazoea ya miaka akakileta puani.

Chini ya harufu ya baruti kulikuwa na sabuni ya unga yenye manukato, ambayo hakuwahi kuitumia. Na chini ya sabuni kulikuwa na kitu kingine, kimejificha ndani kabisa ya nyuzi. Kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya kahawa. Iliki. Mdalasini.  Harufu ile aliijua kama anavyoijua ya mwanawe. Ilikuwa ikimjia mlangoni kila Idi.

Aliinua macho, akamtafuta Hidayah. Alimwona amesimama na kapu lake, amekodoa macho. Biira hakutaka kumtaja. Alitaka aseme mwenyewe. Aliamini kwamba atasema; aliamini kabisa, kama mtu anavyoamini kwamba ardhi iko palepale chini ya mguu.

"Mama Ashiraf," alimwita kwa sauti ya kawaida. "Waambie."

Hidayah alihamishia kapu mkono wa pili. Akamtazama afande, akawatazama wageni waliokuwa wameshika sambusa zake.

"Niwaambie nini?" alisema. "Mimi nilipewa kitu kwa kamba, nikatia kwa mfuko, nikapatia Nobert. Sikuguza." Kisha, kwa macho makavu, akaongeza, "Huyu mama alikuwa na msiba. Alikuwa nalia tu. Labda kichwa ilichanganyika, akafua haraka haraka. Tumsamehe."

Tumsamehe! Watu waliguna kwa huruma. Wengine walitikisa vichwa, maskini, msiba. Hata afande alishusha sauti.  Biira angeweza kusema. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake, angempa kila mtu anuse. Lakini ulimi ulikataa, kwa sababu akili yake ilikuwa bado haijakubali. Ilikuwa bado inangoja Hidayah acheke na kusema, la, ni mimi. Hidayah aliinama, akafunika kapu lake kwa kitambaa, akaanza kuondoka.

Kesho yake asubuhi Biira alikwenda kwa Hidayah. Hakubisha hodi, mlango ule hakuwahi kuubishia. Hidayah alipomwona tu akaanza kulia, na Biira alikaa mkekani akamngoja amalize.

"Sufuria ilikuwa moto, Mama Sunday," Hidayah alisema hatimaye. "Bwana harusi amefika, watu nangoja, gunia ya kushikia imeloa inaniunguza mikono. Nikaona leso yako pale. Nikasema, mara moja tu." Hapo sauti yake ilipata uhai kidogo, hakuweza kujizuia. "Hiyo kitu ni ajabu! Nilibeba pilau ya harusi mzima kama nabeba mutoto. Wamama wote wakauliza nimenunua wapi. Halafu ikalowa mafuta. Nikafua, wallahi nikafua, na nikatia ile dawa ya kunukia ndiyo usijue."

"Ungeniambia, ningeifua tena. Nilikuwa na simu."

"Ulikuwa na msiba."

"Msiba!" Biira alisema. "Ukachukua msiba yangu ukanipiga nayo mbele ya watu. Senge yangu haijamaliza hata siku mbili kwa kaburi."

 Nje, kamba ya baraza ilikuwa tupu, inacheza na upepo.

"Mimi napika chakula ya watu," Hidayah akasema kwa sauti ndogo. "Wakisikia nachukua kitu ya mtu bila ruhusa, nani ataniita tena kwa harusi? Wewe kosa yako watasahau mbio. Ulifiwa. Wanakuhurumia." Akamshika Biira goti. "Mwaka ya maji mimi nilikubeba. Sikusema kitu. Nibebe na wewe, hii moja tu."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko la uwandani. Biira alikiona chumba cha nyuma, godoro, uji wa Sunday asubuhi, na mwanamke huyu akicheka mlangoni akisema kaeni, kaeni, nyumba ni kubwa. Alikuwa ameyatunza yale moyoni kama kitu pekee ambacho mto haukuchukua. Kumbe mwenzake naye alikuwa ameyatunza, ila kwa kazi nyingine.  Biira akajikaza kisabuni.

"Sawa," alisema.

Akanyanyuka, akaenda zake, na hakumwambia Danieri, wala Nobert, wala mtu yeyote kanisani. Alimbeba kama alivyoombwa.

Mzigo huo haukuwa wa siku moja. Mji wa Kasese hauna haja ya redio. Kabla ya wiki kwisha mama wa kwaya alikuja kuchukua gauni zake zikiwa bado zina maji, akasema kuna haraka, na hakuna haraka yoyote, Biira alijua ratiba ya kwaya kuliko yeye. Ofisi ikakumbuka kwamba ina mfagiaji anayeweza kufua mapazia. Hakuna aliyemtukana. Walimwambia pole, upumzike, umefiwa, na kila aliyemwambia apumzike aliondoka na nguo zake. Wapo waliosema Biira si yule tena, tangu msiba mikono yake imekuwa mizito. Kwenye kamba yake, pale juani, zikabaki nguo za Sunday na zake. Alipokutana na Danieri sokoni, mwalimu alimsalimia kwa heshima zote na kuuliza habari za Bwera. Kuhusu leso hakugusia, na Biira akaelewa.

Kuna mchana mmoja alikuwa ameketi mlangoni anapepeta maharage ndipo akaona kanga anayoifahamu inapanda mteremko. Hidayah hakuwa amefika pale tangu siku ile. Alikuja anahema, beseni kichwani, na alipolitua chini Biira aliona rangi ya machungwa. Leso mpya, na chache za zamani zenye masizi.

"Nobert aliniletea," Hidayah alisema, akijipangusa jasho. Hakuonyesha aibu. Alionekana mtu aliyekuja kwa jirani kuazima chumvi. "Wamepata ruhusa tena. Alisema leso zilikuwa zinakauka kwangu siku zote, basi afadhali nifue mimi pia, kazi ikae mahali moja. Sasa nikasema, nani atanionyesha kama si wewe?"

Biira aliweka ungo chini.

"Ukakubali?"

"Ningesema nini? Harusi zimepungua." Hidayah aliinua leso moja, akaigeuza geuza. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfariji mwenzake, "Usiogope, haitaungua tena. Mimi sitafua haraka haraka kama wewe ile siku ya msiba."

Biira alimtazama usoni. Alitafuta dalili ya mzaha, au ya hofu, hata ya chuki, maana chuki angejua la kuifanya. Hakuona kitu. Hidayah alikuwa ameusema uongo ule kwa watu wengi mno, na sasa alikuwa akiuamini. Katika Kasese nzima alikuwa amebaki mtu mmoja anayejua nani aliipaka leso mafuta, na mtu huyo alikuwa ameketi mlangoni pake, mikono ina vumbi la maharage.

Angeweza kulipiga teke beseni lile likaviringika hadi barabarani. Moyo ulimtuma hivyo. Lakini leso hazikuwa zimemkosea, na Mwalimu alikuwa amejenga roketi nyingine.

"Sabuni ya mche," alisema. "Si ya unga. Kidogo tu."

"Sabuni ya mche," Hidayah alirudia.

"Maji baridi. Usitie jiki, usitie wanga, usitie ile dawa yako ya kunukia. Usikamue. Suuza mpaka maji itoke meupe, halafu unuse. Ukisikia harufu yoyote, rudia."

"Sawa, mukwano."

"Na usianike kwa jua. Inataka kivuli."

Hidayah alikuwa ameshajitwisha beseni. Alitabasamu, tabasamu lake lilelile la miaka yote.

"Ah, hiyo si shida. Kivuli ninacho."

"Najua," Biira alisema, akavuta ungo wake. "Nilikuwa naacha kitu yangu hapo, naenda bila wasiwasi."